Kreti Moja ya Soda, Vyumba Vinne

Watu kumi na wawili walikunywa soda yangu, wengi wao chupa mbilimbili, kreti nzima ikaisha kabla sijapata ya kwangu. Halafu mwaka mmoja na nusu baadaye wakasimama mbele ya afisa mikopo wa benki, wakasema hawakumbuki kama nimewahi kununua kiwanja. Na soda ilikuwa ya baridi! Niliibeba mwenyewe kwenye bodaboda kutoka sokoni Kasulu, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, barafu inaniyeyukia tumboni. Ukinikuta leo kwenye kibanda changu cha spea za baiskeli nacheka na wateja, usidhani nimesamehe. Nacheka kwa sababu ndivyo uso wangu ulivyoumbwa.

Mimi ni msomi wa jioni. Darasa la saba lilinitema kule Rungwe Mpya nikiwa bado sijaota ndevu, na nilipokuja kujiandikisha masomo ya watu wazima mjini Kasulu ndevu zilikuwa zimeanza kuwa na mvi. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Hisabati ilinipiga, Kiingereza kilinipiga, lakini biashara, ndugu zangu, biashara ilinipenda. Mwalimu alipoandika ubaoni “mali isiyohamishika” nilihisi kama ameandika jina langu. Kitu ambacho hakihami, hakichoki, hakiombi chakula, na mwisho wa mwezi mtu anakuletea fedha kwa sababu tu umekiacha kikae! Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu mpaka ugali ukapoa mara tatu.

Mpango niliuchora nyuma ya daftari. Kwanza, nunua kiwanja kidogo pembeni mwa mji, kwenye njia ya kwenda Kibondo. Pili, jenga kuta za vyumba vinne kwa fedha zetu wenyewe. Tatu, weka kiwanja dhamana, chukua mkopo, ezeka bati, tia milango. Nne, pangisha kwa wanafunzi wa chuo cha ualimu, ambao kwa hesabu yangu ya wakati ule walikuwa wanatafuta vyumba kama milioni moja. Kodi ilipe mkopo, mkopo ukiisha tuanze kiwanja cha pili. Mwalimu alinitilia vema kubwa ya kalamu nyekundu. Vema ile ninayo mpaka leo.

Mke wangu hakutia vema. Yeye ni fundi cherehani, na anaangalia mambo kama anavyoangalia kitambaa, kwanza upande wa ndani.

“Na mvua?” aliniuliza. “Kuta za matofali mabichi, mvua ikija kabla ya hilo bati lako?”

“Mama, tutaanza kiangazi. Mvua itatukuta tumeezeka tunakunywa chai.”

Akauza cherehani yake moja kati ya mbili ili tufyatue matofali. Aliifuta vumbi, akaikabidhi. Ndiyo sababu hasira yangu katika habari hii ni kubwa kuliko mwili wangu. Zile kuta zilikuwa cherehani ya mke wangu iliyogeuka udongo, na udongo bila bati huwa unarudi kuwa tope.

Kiwanja tulikipata kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa anahamia Kibondo kwa binti yake. Kilikuwa na migomba minene na mnyaa wa zamani kwenye kona, ule mti wa matawi ya kijani unaotoa utomvu mweupe. Siku ya mauziano nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimeandika hati mimi mwenyewe, kurasa tatu, kwa lugha ya kutisha: “muuzaji”, “mnunuzi”, “bila kushurutishwa”. Tukaenda ofisi ya mtaa, mwenyekiti akachukua asilimia yake, akagonga muhuri mkubwa kama sinia. Majirani kumi na wawili wakatia saini kama mashahidi.

Kabla ya saini, bibi alinivuta pembeni, akaniita mwanangu kwa kilugha chake.

“Pombe ya kiwanja utaleta lini, mwana wanje?”

“Bibi, mimi naimba kwaya. Kanisani kwetu hatununui pombe. Nimeleta soda.”

Alinitazama kama mtu anayemwona kuku amepanda baiskeli. “Haya,” akasema. “Ni juu yako.”

Wakanywa. Wakabeua. Wakaniombea baraka. Niliporudisha kreti dukani chupa moja ilipungua, mwenye duka akanilipisha, nikalipa huku nalalamika njia nzima. Nilijua kabisa nani kaichukua. Alikuwa jirani wa upande wa magharibi, mzee anayechonga mipini ya majembe, maana nilimwona anatoka na koti limevimba. Lakini utamshtaki mzee kwa chupa tupu?

Ujenzi ulikwenda kwa mwendo wa mfuko wangu, yaani konokono angetupita akitupungia mkono. Nilifyeka migomba yote. Niling'oa ule mnyaa na mizizi yake, nikasawazisha, nikatandaza futi yangu mpya ya chuma, nikapima hatua zilizoandikwa kwenye hati, kila moja kwa urefu wa hatua yangu. Yule mzee alikuwa ameketi kwake, anachonga, ananitazama. Kila nikimpungia ananipungia. Kiangazi cha kwanza kiliishia kwenye msingi na matofali ya kufunika, cha pili kuta zikasimama, vyumba vinne vimepangana kama askari. Nilipita barabarani mara saba kwa siku ili nivione kwa mbali.

Kiangazi cha pili kilipokaribia mwisho nikaenda benki. Afisa mikopo alikuwa binti mstaarabu mwenye viatu vyeupe. Alisoma kurasa zangu tatu, akapapasa muhuri, akasema vizuri, imebaki kuhakiki na majirani. Nikamchukulia bodaboda kwa gharama yangu. Nilijisikia kama nampeleka bibi harusi.

Mzee alikuwa na mpini mapajani.

“Shikamoo, mzee,” binti akasema.

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Huyu unamfahamu?”

“Sana. Ananiuzia tairi ya baiskeli kwa bei ya tairi ya lori.”

Majirani waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Mimi pia nikacheka, mjinga mimi.

“Na kiwanja hiki ni cha nani?”

Mzee akaunyanyua mpini, akaufumbia jicho moja kuangalia kama umenyooka. “Hicho ni cha yule bibi aliyehamia Kibondo.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Binti akamwonyesha hati. “Lakini hii si saini yako?”

“Ni yangu. Alileta kalamu, nikaandika.”

“Mzee!” Sauti yangu ilifika hadi kijiji cha Kitanga, nina hakika. “Hukunywa soda yangu?”

“Nilikunywa. Mbili. Ile ya machungwa ilikuwa tamu kuliko ile nyeusi.”

Nikawageukia wengine. Mmoja akasema siku ile alikuwa na kiu tu. Mwingine akasema aliona watu wamekaa, akakaa. Mama mmoja, ambaye nilimpa soda ya tatu kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni, aliangalia miguu yake. Watu kumi na wawili! Nilitamani kuwageuza kichwa chini soda yangu itoke.

Binti akafunga faili taratibu. “Kaka, dhamana yenye mgogoro hatuwezi kuichukua.”

“Mgogoro gani? Nani anagombana na nani?”

“Majirani wakikukana, huo ni mgogoro. Faili litabaki wazi mpaka mwisho wa mwezi.”

Nikakimbilia kwa mwenyekiti na hati mkononi. Yule yule aliyechukua asilimia yake. Akaniambia, bila hata kuacha kula karanga, “Muhuri wangu unathibitisha kwamba mlifika ofisini. Mambo ya mpaka ni ya majirani.” Sasa niambieni. Serikali ina muhuri, benki ina kompyuta, mimi nina cheti cha masomo ya jioni, na wote watatu tunamsubiri mchonga mipini afumbue mdomo? Nilisema maneno siku ile ambayo kwaya haiyajui.

Mke wangu aliyasikiliza yote, sindano mdomoni. Alipoitoa alisema, “Mawingu yameanza kukaa upande wa Burundi.” Basi. Asubuhi yake nikapanda basi la Kibondo.

Bibi nilimkuta uani kwa binti yake anapukuchua mahindi. Kabla sijamaliza kumwamkia akasema, “Umekuja kunirudishia kiwanja?”

“Nimekuja kukuomba uniokoe! Wamenikana, bibi. Wote.”

“Siku ile nilikuuliza pombe utaleta lini. Ukaniambia nini?”

“Nilikuambia naimba kwaya.”

“Na mimi nilikuomba uimbe?”

Binti yake aliingia ndani kucheka. Bibi akaendelea kupukuchua, punje zinaruka, ananifundisha kama mtoto wa chekechea. Soda, akasema, watu hunywa wamekaa, kila mmoja na chupa yake, mdomo umejaa gesi. Nani atasema neno la maana? Kinywaji cha kiwanja kinabebwa. Mnasimama kona ya kwanza, anayeuza anasema mpaka unapita hapa, jirani wa upande ule anaitikia au anakataa, mnakunywa chombo kimoja. Mnahamia kona ya pili. Mkimaliza kona zote, hata mtoto aliyebebwa mgongoni anajua kiwanja ni cha nani.

“Wewe ulizunguka kona ngapi na majirani?”

“Nilipima kwa futi, bibi. Futi ya chuma!”

“Futi inazungumza?”

Nilitaka kubisha. Nina hoja nzuri sana juu ya jambo hili, nimezitunza mpaka leo. Lakini nilikumbuka mawingu. Nikamwambia shida yangu ni moja tu, kanisa.

“Nani kakuambia lazima ichache? Kamua asubuhi, kunywa mchana. Umutobe hata mtoto mchanga anarambishwa.”

Umutobe ni maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe. Nimeyanywa tangu nazaliwa! Mtu mzima mwenye cheti, nimelipia kreti ya soda na barafu yake, na kumbe kilichotakiwa ni kitu ambacho mama yangu alikuwa akitupa sisi watoto ili tunyamaze.

Bibi akakubali kuja nami, lakini kwa mwendo wake. Na ndizi za kukamua lazima ziivishwe shimoni, na zangu nilishazifyeka zote. Mwenye ndizi pale jirani ni nani? Yule yule mzee. Aliniuzia mikungu minne kwa bei ya mjini, akanihesabia chenji kwa heshima zote, akaniuliza, “Hutaki na mpini?”

Ndizi zilikaa shimoni siku tano. Siku tano! Nilikuwa naenda kuzibonyeza kila saa kama daktari. Bibi alilala kwetu kwenye chumba chetu cha kupanga, akawa rafiki mkubwa wa mke wangu. Walikaa na ile cherehani moja iliyobaki, mmoja anashona, mwingine anapinda, na kazi yao kubwa ilikuwa kunisema.

“Huyu alipokuoa alipima kwa futi?” bibi anauliza.

“Alileta hati kurasa tatu,” mke wangu anajibu.

Nje upepo ulikuwa umeanza kunukia maji. Siku ya nne manyunyu yakapita, dakika chache tu, nikaenda mbio kiwanjani nikakuta kuta zimeota madoadoa kama surua. Nikapitisha kiganja ukutani, kikatoka chekundu.

Siku ya tano tukakamua, tukajaza kibuyu kikubwa, bibi akatangulia. Wale wale kumi na wawili wakaja, safari hii bila kuitwa mara mbili. Kona ya kwanza, bibi akasema, jirani akaitikia, kibuyu kikazunguka. Kona ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, yule mama wa soda tatu akasema, “Naam, hapa ni kwako, hapa ni kwangu,” akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Nikaanza kulainika.

Kona ya nne ilikuwa upande wa mzee. Bibi akasimama, akageuka huku na huku.

“Mnyaa wangu uko wapi?”

Mimi nikawa natazama viatu vyangu.

“Nakuuliza, mwana wanje. Mnyaa wa mpaka alioupanda mume wangu uko wapi?”

“Niliung'oa, bibi. Ulikuwa unanizibia.”

Mzee alichukua jembe, lenye mpini mzuri kweli, akaingia chumba namba nne, chumba changu cha mwisho. Akatembea mpaka karibu na katikati, akakwangua udongo kidogo, akapangusa kwa kidole gumba. Kitako cha chupa ya soda kikameta, imesimikwa kichwa chini, imara kama jiwe la wapima ardhi.

Ile chupa yangu!

“Siku uliyoung'oa mti nilikuja jioni nikaiweka penye shimo lake,” mzee akasema. “Ili isipotee.”

“Chupa nililipishwa dukani!” Hilo ndilo lililotoka kinywani mwangu kwanza, Mungu anisamehe. La pili likafuata kwa kelele zaidi. “Na kwa nini hukuniambia? Nilichimba msingi unaniona! Nilijenga miezi unaniona! Ulikuwa unanipungia mkono!”

“Ulikuwa na kipimo. Mtu mwenye kipimo nani atamwambia kitu? Nilisubiri uniulize. Ulikuja na kalamu, ukasema weka hapa. Ulikuja na benki, ukasema sema ndiyo. Kuuliza, hukuniuliza hata siku moja.”

Nikasema futi yangu haikukosea, hati ilisema hatua thelathini. Bibi akasema thelathini za miguu yake, si za miguu yangu mirefu kama ya korongo. Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nikamwomba mzee aniuzie hatua mbili na ushee nilizoingia kwake, nimlipe mkopo ukitoka.

“Siuzi. Nimehama mara moja, inatosha.”

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya mpini. Baba yake alikuwa na shamba ng'ambo, Burundi. Walipokimbia, baba alibeba karatasi ya shamba kifuani, ndani ya nailoni, mpaka Kasulu, na akafa nayo. Mzee mwenyewe aliwahi kurudi kuuliza. Karatasi ilikuwepo, majirani ndio hawakuwepo. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebaki wa kusema mpaka ulipita wapi. “Karatasi yako nzuri,” akaniambia. “Ila mimi ndiye ninayekaa hapa.”

Nilikuwa na hasira tele, lakini hoja sikuwa nayo, na hivyo ni vitu viwili ambavyo masomo ya jioni hayakunifundisha kutofautisha. Mzee akapokea kibuyu, akasimama juu ya chupa. “Kutoka hapa kurudi kule ni kwake. Kutoka hapa kuja huku ni kwangu. Nimeona.” Akanywa. Akanipa. Nikanywa. Ulikuwa mtamu, na hilo pia liliniudhi.

Chumba namba nne tulikivunja mchana ule ule. Nasema tulikivunja kwa sababu mzee alivua koti akavunja pamoja nami, na wale mashahidi wa soda wakapanga matofali, na mke wangu akapokea mengine kwa mikono yake, moja moja, bila kuniangalia. Kila tofali lilikuwa uzi wa cherehani ile. Halafu mzee akakata majani ya migomba yake, safari hii bila bei, tukayalaza juu ya kuta za vyumba vitatu vilivyobaki, tukafunga na turubai la kuazima. Siku iliyofuata mbingu ilifunguka. Mvua ya namna ile sijaiona. Nahisi hata samaki wa ziwani Tanganyika walitafuta pa kujificha. Tulisimama chini ya mwavuli mmoja, mke wangu na mimi, tunaangalia. Chumba cha tatu kilipoteza kona. Cha kwanza na cha pili vilisimama.

“Viwili na nusu,” mke wangu akasema.

“Vitatu,” nikasema. “Kona inajengwa.”

“Cherehani yangu kwanza. Halafu kona.”

“Cherehani kwanza,” nikasema, na safari hii niliandika kwenye daftari mbele yake.

Binti wa benki akarudi kabla mwezi haujaisha, viatu vyeupe vikawa vya rangi ya Kasulu. Gharama ya kurudi walinikata mimi, iandikwe mahali nayo. Mzee alimwambia kila kitu kwa sentensi mbili, wengine wakaitikia kama kwaya, na mkopo ulitoka, wa vyumba vitatu badala ya vinne. Bati nilinunua wiki hiyo hiyo.

Lakini kabla binti hajaondoka alitoa fomu yenye nafasi ya kujaza aina ya alama ya mpaka. Nikampeleka mpaka pale chumba namba nne kilipokuwa, akachuchumaa, akapiga picha, akafikiri kidogo, akaandika: “Chupa ya soda, tupu.”

Nikamwambia aongeze kwamba imelipiwa.